Wingi wa Tanga

Mji wangu kwa umoja ni Tanga;
kwa wingi ni matanga.
Watoto wa shule hucheka nikisema hivyo.
Mimi ndiye mshika daftari wa chama cha kuzikana,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne:
sufuria sita, majamvi tisa, sahani mia mbili na kumi,
na jeneza moja la mninga
ambalo kila mara hurudi msikitini tupu
kumngoja mwenye zamu.

Wiki ile walikufa wawili.

Balozi Shebughe alifia ng'ambo,
akalala siku nane kwenye barafu
akisubiri ratiba.
Bi Nyamvula, muuza vitumbua, alifia ukumbini kwake
Jumamosi alfajiri,
unga umekwisha kuumuka bakulini.
Tuliukaanga, tukawapa wachimba kaburi.

Kwa balozi walianza na miti:
mashina yote wakayavika chokaa.
Mashimo yaliyotumeza tangu masika ya juzi
yakazibwa usiku mmoja.
Kumbe sululu zilikuwepo.
Kumbe lami ilikuwepo.
Aliyekosekana ni maiti.

Likaja hema lenye ubaridi wa mashine,
viti vyenye majina ya watu mgongoni,
na kijana wa itifaki, karatasi mkononi,
akiwapanga wafiwa kwa cheo:
mjane wa kwanza mstari wa mbele,
mjane wa Pangani nyuma ya spika;
na dada mtu, Mwanamkuu, akaulizwa,
"Mama, wewe ni nani?"
"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni."
Wakamtafutia kiti karibu na jenereta.

Bi Nyamvula alitoka saa saba mchana.
Sikuwepo; sisi wanawake hatuendi makaburini.
Mdogo wangu Kombo ndiye aliyenisimulia:
walifika kwenye kamba ya polisi,
msafara haujapita, wakaambiwa subirini.
Wakasubiri, maiti mabegani, jua utosini,
bega likichoka linapokewa na bega,
muuza kahawa akaingia,
fundi baiskeli akaingia, mikono ina grisi,
hata askari mwenye kamba, zamu ilipomfikia,
akashika kamba kwa mkono wa kushoto
na jeneza kwa wa kulia.
Magari yakapita.
Hayakujua yanampigia nani ving'ora.

Jioni hema liling'olewa, viti vikapakiwa lorini,
na mtaa ukabaki na chupa za maji nusunusu.
Nikafungua daftari kutafuta ada za Nyamvula.
Kurasa kadhaa nyuma, kwa wino uliopauka:
*Shebughe. Amelipiwa na mama.*
Shilingi mbili. Shilingi mbili. Shilingi tano.
Mwezi baada ya mwezi, mwana akiwa Ulaya,
anakula kwa uma, anapigiwa saluti,
mama huku anamlipia kuzikwa.
Mpaka mwezi aliokufa mwenyewe.
Kisha mwandiko unabadilika, unalala kulia,
nikautambua: Mwanamkuu.
Hajaruka mwezi.

Basi tulikuwa tunadaiwa.
Tarumbeta za serikali hazikutulipia.

Siku ya tatu, tulipoanua tanga,
tulipika pilau ya wawili katika sufuria moja.
Mwanamkuu akakaa jamvini, akachambua mchele,
hakuna aliyemuuliza jina.
Hitima ikasomwa moja,
balozi na muuza vitumbua wakatajwa kwa pumzi moja,
na mjane wa Pangani, ambaye hatukumjua,
akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Asubuhi nikahesabu sahani: mia mbili na tisa.
Nikaandika.

Sasa mvua imeosha chokaa ya miti.
Lami ingalipo, haijachimbika.
Wapitao husema, Mungu amrehemu balozi,
nami naitikia amina, kisha,
Mola anisamehe,
nauliza kama kuna mkubwa mwingine anayeumwa:
barabara ya kumi na tano
bado ina mashimo.