Kichwa na Ubavu

Nyumba ya Thirza Garrod, huko Suffolk, ng'ambo ya shamba la shayiri,
ukiitazama kutoka barabarani ni tofali tupu,
wekundu wa ini, wekundu wa kutu,
kichwa, ubavu, kichwa, ubavu,
hadi kwenye pembetatu ya ukuta chini ya dohani
ambako matofali yaliyoungua yakawa ya buluu
yamepangwa yaandike 1687.
Saba imepinda. Mwashi alikosea hesabu,
akamalizia hivyo hivyo.

Udongo wenyewe ulichimbwa pale uani.
Shimo sasa ni bwawa. Bata hawajui
kwamba wanaogelea ndani ya ukubwa kamili wa nyumba.

Mimi niliitwa kwa sababu ya tumbo.
Ukuta umetoa tumbo, alisema Bi Thirza,
kama mume wangu miaka yake ya mwisho.
Na marehemu ndiye aliyeziba viungo kwa saruji;
saruji, kwa nyumba ya chokaa, ni kumziba mtu pua.
Maji yaliingia yakakosa pa kutokea,
Januari ikayagandisha,
nyuso za tofali zikabanduka magamba.

Nikachokoa. Nikatoa la kwanza, la pili, la tatu.
Nyuma yake sikukuta tofali.
Nikakuta kiambaza:
nguzo za mwaloni, fito,
udongo uliokandwa na mabua na singa za farasi.
Nyumba nzima ya watu waliokandika kwa mikono
imesimama humo gizani
tangu siku mtu fulani alipouza sufu vizuri,
akaona haya kwa majirani,
akaivisha joho.
Upande wa barabara tu.
Kule nyuma, kwenye zizi, hakujisumbua.

Na juu ya udongo, vidole.
Vinne, vimeburutwa kwenda chini,
cha pete kikiwa kifupi, kimekatika penye kiungo.

Bi Thirza alitoka na mkongojo wake,
akavaa miwani, akatazama
mpaka birika likalia ndani na akaliacha lilie.
"Miaka sitini na mmoja," akasema,
"najisifia tofali."
Kisha akaenda kufungia kuku.

Jioni nachanganya chokaa, nikamsikia nyuma yangu:
Rudisha yote.
Ila hilo moja, hilo linalofikiwa na mkono wangu,
usilitie chokaa.