Kifuniko cha Chupa

Ajida Kisimba anaweka kifuniko cha chupa
juu ya mtutu wangu, karibu na mdomo.
"Fyatua. Kikianguka, pumzi yako ni ya mwizi."
Bunduki tupu. Tak.
Kimeanguka.

Viwiko vimekuwa vyekundu kama njia ya Kimbembe.
Kule mbele, kwenye kichuguu,
mtu wa karatasi ananingoja.

Kesho kutwa ni risasi za kweli, ishirini;
zikiingia kumi na nne, napita.
Usiku Mwelwa ananionyesha ganda aliloliokota:
"Ona, shaba hii."
Shaba naijua. Mama aliiosha mtoni Ruashi
hadi kucha zikageuka kijani,
naye alibana pumzi hivihivi
akipeta, isimwagike chembe.

Asubuhi nalala tena kifudifudi.
Vuta. Toa nusu. Ngoja, mama.
Kidole kinakamua polepole,
kama chungwa lililobaki na tone moja.
Tak.

Kifuniko kimekaa.
Ajida hasemi neno, anakitia mfukoni,
anamwendea Mwelwa.
Mimi nabaki namtazama yule wa karatasi,
nikishukuru hawakumchora macho.