Bonyeza, Achia

Sista Skolastika Haule hakuja na kompyuta.
Alikuja na mfuko wa sandarusi, ndani yake
glavu tatu, kipande cha mpira wa kumwagilia maua,
na mwanasesere aliyemshona kwa mkono
kutoka shuka kuukuu la wodi namba sita,
muhuri wa MALI YA SERIKALI juu ya paji la uso.
"Huyu ni mgonjwa wenu. Hana ndugu. Mpeni jina."
Likungwa akampa jina la mwenye nyumba wake.
Tukacheka, woga ukapungua kidogo.

Tulikuwa saba, wa Temeke, wa Mbagala,
na mmoja wa Kigamboni aliyeisingizia pantoni kila asubuhi.
Vitanda vinne. Mashine za kupumulia mbili:
moja nzima, ya pili imefunikwa shuka kama maiti,
ikingoja kipuri tangu mvua za vuli za mwaka juzi.

"Msiniulize kisichokuwepo," alisema.
"Orodha hiyo nimeihifadhi, na haina mwisho.
Ulizeni kidole."
Akabonyeza ukucha wa mgonjwa wa kitanda cha pili,
ukawa mweupe kama punje ya mchele,
akahesabu mpaka wekundu uliporudi.
"Sekunde tano. Damu inachelewa njiani.
Mmeyajua hayo bila umeme, bila karatasi,
bila kumsubiri mtu wa maabara amalize chai."

Alitufundisha goti: likianza mabaka, angalia mkojo.
Kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili
yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo.
Kumsikiliza ndugu anayesema,
"Leo hanitazami kama jana."
"Andikeni hilo. Hilo nalo ni kipimo."

Jumatano ya wiki ya pili, saa nane na robo usiku,
umeme ukakatika.

Betri ya mashine ililia mara tatu, ikanyamaza.
Kitanda cha tatu: Rukia Mnyeti, fundi cherehani wa Tandika,
siku ya nne baada ya kifafa cha mimba,
mwanawe ghorofani akinyonya chupa.
Jenereta lilikuwepo. Dizeli ilikuwepo pia.
Ufunguo wa stoo ulikuwa umelala Chanika, kwa mtu.

Nilikuwa karibu. Nikashika mfuko wa kupumulia.
Bonyeza. Achia. Mbili, tatu, nne, tano.
Bonyeza.
Nikajikuta nabana pumzi yangu,
nikimpa yeye, nikijinyima mwenyewe,
hata nikaanza kuona nyota.
Sista akasema gizani, bila kunigusa:
"Pumua, Tumpe. Huwezi kukopesha usichonacho."

Hakusema lingine kwa nusu saa.
Mikono alikuwa ameitia mifukoni,
nikamchukia.
Siku hizi nafundisha mimi,
naujua uzito wa mifuko ile.

Likungwa aliing'ata simu kwa meno, tochi ikiwaka,
akigonga mtungi wa oksijeni kwa kijiko kusikia umebaki nini.
Kashinde, zamu yake ilipofika, alihesabu kwa Kisukuma;
kwa Kiswahili, alisema, angepotea.
Mbu walikula walivyotaka.
Hapakuwa na mkono wa kuwapiga.

Saa kumi na moja kasoro, feni ndiyo iliyoanza kuamka,
ikapeperusha karatasi zetu za hesabu mpaka uvunguni.

Rukia alitolewa bomba kooni Jumapili.
Neno lake la kwanza lilikuwa tusi; tulishangilia.

Lakini Alhamisi ile, asubuhi, Sista hakuanza na Rukia.
Alivuta kiti hadi kitanda cha kwanza,
kitupu, godoro bado limelowa dawa.
Mzee Gwimile alikuwa na nafuu.
Sote tulisema hivyo: alikuwa na nafuu.

"Nani alimtazama kati ya saa tisa na saa kumi?"

Nje, mtu wa Chanika alikuwa anapiga honi apewe njia,
dumu la dizeli nyuma ya pikipiki.

"Hakuna?"
Akafungua daftari, akatafuta kalamu.
"Haya. Somo la leo linaanzia hapo."