Baridi Yabisi

Mama anauliza, kwa Kiswahili,
katika chumba namba saba cha hospitali ya Ibra:
"Daktari, hii baridi imeniingilia wapi?
Nje digrii arobaini na sita.
Hata bomba la maji baridi linaunguza."
Daktari, kijana wa Sur, ananitazama mimi.
Natafsiri. Neno linagoma kuvuka.
Kwa Kiarabu nasema tu: viungo, maumivu, mikono.
Baridi naibakisha upande wetu.

Asubuhi vidole hukaza kwa muda gani?
Mama hana dakika. Ana mambo.
"Nikiamka na adhana, ngumi haifunguki.
Chai ikichemka, kidole cha shahada kinaitika.
Mundhir akipiga simu toka Sohar, vifungo naviweza.
Kopo la samli, bado."
Daktari anaandika: dakika tisini.
Sijui amezitoa wapi,
lakini ndizo.

Mimi na futi kamba yangu napima wasichana.
Darasa la nne, wote, mia mbili na kumi na wawili,
kutoka unyayo mpaka mkunjo wa goti.
Viti vina sentimita arobaini na tatu, kila kimoja;
vilikuja kwa zabuni moja
kana kwamba na watoto walikuja kwa zabuni hiyo hiyo.
Raudha ana thelathini na mbili na nusu.
Miguu yake inaning'inia kama viatu dukani.
Anaandika shavu likiwa juu ya daftari,
bega la kulia limepanda, la kushoto limesahauliwa.
"Panauma wapi?"
"Hapaumi, mwalimu. Pamezoea."

Samaki mkunje angali mbichi, tulifundishwa.
Tumewakunja.
Jedwali ninalo.

Alhamisi Mundhir anafika na punje mfukoni,
nyeupe, kama dengu, ina vitundu jicho halivioni.
Kichocheo, anamweleza mama.
Kinaingia kwenye mmenyuko, kinaharakisha kazi,
vitu vinakutana, vinaachana, vinakuwa vingine,
chenyewe kinatoka vile vile.
"Hakipungui hata chembe?"
"Kwa nadharia, hakipungui."
Mama anaipokea kwa vidole viwili
visivyotaka kukutana. Inadondoka.
Tunaisaka kwenye busati sote watatu, magoti chini,
yeye akituelekeza kutoka kitini, maana ndiye mwenye macho.
"Na bila nadharia?"
Mundhir anajikuna ndevu.
Kweli, anasema, kinachoka. Masizi huziba vitundu.
Salfa hukitia sumu.
"Mnakitupa?"
"Tunakichoma kwa hewa, taratibu, masizi yatoke.
Kinarudi kazini. Mara mbili, mara tatu.
Si kama mwanzo."

Mama, miaka thelathini na moja ubaoni na chaki,
na usiku kofia, sindano, kofia, ada zetu,
anacheka mpaka anajishika goti.
"Mwanangu, kumbe unasomea watu!"

Ripoti yangu ilijibiwa: bajeti ya mwakani.
Mama akaisoma barua mara mbili,
akaagiza makreti ya tende toka kwa jirani,
akaniambia misumari nipige mimi.
Ishirini na tisa tu. Ndiyo yaliyopatikana.
Raudha akaweka miguu juu ya kreti
akatazama chini, kama mtu aliyeletewa sakafu.
Kutoka jicho hadi daftari: sentimita ishirini na sita.
Wiki iliyopita zilikuwa tisa.
Waliobaki wananitazama mimi na futi kamba yangu.

Vidonge vya njano, kila Ijumaa, mwezi wa nne sasa.
Asubuhi nakaa jikoni na saa.
Dakika sabini na tano. Sitini na nane. Themanini,
usiku aliokataa kulala. Hamsini na tano.
Sijui kama ni dawa au ni msimu.
Naandika yote, na ile themanini.
Januari imeshuka Ibra, kioo cha dirisha kina ukungu,
mama amejifunga shali, anahangaika na kopo.
"Afadhali," anasema, "sasa baridi iko nje."
Kifuniko kinasogea robo.
Naacha mikono yangu mapajani.