Milimita Moja

Kioo kilimkata Radka kwenye kifundo cha mkono,
kule Jablonec, wiki ya theluji ya kwanza.
Daktari Hruška akaushona mshipa wa fahamu
kwa uzi mwembamba kuliko unywele.
"Utaota," akasema. "Milimita moja kwa siku,
ukibahatika."

Kidole cha mwisho kikawa kama cha jirani:
kiliungua kwenye birika, naye hakujua
mpaka pua ilipomwambia.

Huko juu ubongo unaita, unaita,
mkoa uliokatika haujibu.

Kila Jumapili Vojta huja na rula ya shule.
Hugonga kiganja polepole,
kama fundi atafutaye uwazi ukutani.
"Hapa?"
"Kimya."
"Hapa?"
"Kimya, nimeshakwambia."
"Na hapa?"

Sisimizi! Kundi zima, mbio mpaka kwenye ukucha!
Na Radka, achukiaye wadudu tangu utotoni,
akacheka hadi machozi.
Akatia nukta ya wino juu ya ngozi:
Februari, kumi na saba.

Bilauri aliyokuwa akiichonga ingali rafuni.
Kulungu wake hana mguu mmoja wa nyuma.
Amesimama hivyo hivyo,
anangoja.