Maoni Pembeni

Uyole, saa kumi na moja alfajiri, Julai.
Baridi imewahi kiti kabla yangu.
Nafungua ripoti ya viazi ya Tusajigwe, kurasa tisini,
kompyuta yanipokea kama mgeni:
"Tumekuboreshea."

Nani aliwatuma?

Jana maoni yangu yalisimama pembeni, mekundu,
kila moja na kamba yake hadi kwenye neno.
Niliandika nikapita, niliandika nikapita,
kama apaliliaye tuta.
Leo kila kauli yataka kibali:
bonyeza kishale, tuma, subiri.
Nilikisahau kishale mara moja tu,
na swali langu, "Magunia haya ni ya mwaka gani?",
likabaki linaning'inia,
halikwenda, halikurudi.

Na yale ya marehemu Mwasomola,
aliyenifundisha kusoma jedwali kabla ya maneno,
wameyakunja ndani ya kitone cha kijivu
kisichozidi punje ya ulezi.
Nakigusa. Kinafunguka:
"Atupele, usikimbie. Hesabu upya."

Nahesabu.
Jedwali la nne, kweli, limekosewa.
Kidole chakimbilia palepale pa zamani,
chabonyeza,
hapatokei kitu.