Katani Isiyo na Mwiba

Kopo lilifika Posta, Tanga mjini:
pipi ishirini, umbo la dubu, rangi ya ubuyu.
Semkiwa kazituma kwa magoti ya mama.

"Katani," nikasema. Karani akacheka:
"Katani tusiijue sisi? Babangu kaikata Pongwe
miaka thelathini, mwiba wa mkonge ukamtoa jicho.
Hii yako haina mwiba."

Kule aliko, asema Semkiwa, zauzwa dukani
kando ya maziwa;
ukivuka daraja, jimbo jirani, ni pingu.
Kisa: asilimia sifuri nukta tatu.

Hapa Chumbageni hawapimi.
Wananusa.

Nikatia sahihi. Kopo likabaki mezani kwa afande.
Mama akauliza tu, akijikanda:
"Na haya magoti yangu, yako jimbo gani?"